Baruti na Fataki Safarini: Kipi Hupanda Ndege na Kipi Hubaki Nyumbani

Somo la redio kwa watu wazima. Maneno haya yamesomwa redioni, na yamepigwa chapa kwa ajili ya vikundi vya wasikilizaji.

Ninyi mliokusanyika katika vikundi, sogeeni karibu na redio, na mwenye kalamu aiweke tayari, kwani mwisho wa somo yako maswali.

Somo la leo limetokana na barua. Ndugu yetu mmoja, mzaliwa wa Tanga, ambaye sasa anakaa katika jimbo la Colorado huko Marekani, ametuandikia habari zake. Asema kwamba yeye na shemeji yake hupenda kulenga shabaha na kuwinda, na risasi zao huzijaza wenyewe nyumbani, kama wafanyavyo wawindaji wengi wa nchi ile. Mwezi ujao watapanda ndege kutoka Denver kwenda Anchorage, katika jimbo la Alaska, kuwinda. Shemeji amekwisha funga sanduku lake. Ndani ametia kopo moja la baruti, vibweta viwili vya fataki, maganda matupu, na vichwa vya risasi, ili wakifika wajaze risasi huko huko.

Ndugu yetu alipomwambia kuwa jambo hilo halionekani kuwa sawa, shemeji alicheka. Alisema: “Risasi nzima zinaruhusiwa kupanda ndege. Sembuse baruti peke yake, ambayo haiwezi kumpiga mtu?” Basi ndugu yetu auliza, je, ni nani mwenye haki?

Jibu letu kwa ufupi ni hili. Haki anayo ndugu yetu, na sanduku la shemeji lifunguliwe leo, lisingoje kesho. Lakini mtu mzima hapewi jibu tupu, hupewa na sababu yake. Mwenye kukariri sheria bila ya kujua maana yake huikosea mara ya kwanza akutanapo na jambo jipya. Kwa hiyo leo tutaeleza kwanza risasi imeundwa kwa vitu gani, kisha kwa nini sheria inakubali kimoja na kukataa kingine, na mwisho namna ya kusafiri navyo kwa ndege, kwa motokaa na kwa njia nyingine.

Vitu vinne katika risasi moja

Ukiishika risasi ya bunduki ya kuwindia, waona kitu kimoja. Kwa kweli ni vitu vinne vilivyounganishwa.

Cha kwanza ni ganda. Hili ni kikopo kirefu, mara nyingi cha shaba nyeupe, ambacho ndani yake vitu vingine hukaa. Cha pili ni kichwa cha risasi, yaani kile kipande cha madini kinachotoka mtutuni na kwenda kupiga. Cha tatu ni baruti, iliyo ndani ya ganda. Cha nne ni fataki, kijikombe kidogo kama punje ya mahindi, kilichopachikwa katika kitako cha ganda.

Kazi yao ni hii. Mwindaji akivuta kifyatulio, chuma kidogo ndani ya bunduki hugonga fataki. Ndani ya fataki mna dawa ambayo ikigongwa hulipuka. Cheche yake hupenya ndani ya ganda na kuwasha baruti. Baruti huungua upesi sana ikawa gesi nyingi yenye joto, na gesi hiyo, kwa kukosa pa kupita, husukuma kichwa cha risasi kitoke mtutuni.

Wazee wa pwani walizijua bunduki za gumegume, ambazo baruti yake huwashwa kwa cheche za jiwe. Fataki zilikuja baadaye. Mwaka 1807 kasisi mmoja wa Scotland, Alexander John Forsyth, alipewa hati ya serikali kwa uvumbuzi wake wa kuwasha bunduki kwa dawa inayolipuka ikigongwa. Baruti nayo ilibadilika. Baruti ya kale ni nyeusi, nayo ni mchanganyiko wa shura, kiberiti na makaa. Mwaka 1884 Paul Vieille wa Ufaransa alitengeneza baruti isiyotoa moshi mwingi, na ya namna hiyo ndiyo itumiwayo katika risasi nyingi za siku hizi.

Mtu akiisha kupiga risasi, vitu vitatu vimekwisha kazi. Kichwa kimekwenda zake, baruti imeungua, fataki imelia. Lakini ganda lingali zima, na ndilo lenye gharama. Kwa hiyo wajazaji huokota maganda, huyasafisha, hutoa fataki iliyokufa na kupachika mpya, hupima baruti kwa mizani, kisha huweka kichwa. Hiyo ndiyo kazi ya kujaza risasi upya. Katika Marekani ni halali mtu kujijazia risasi zake, na maduka huuza vitu hivyo.

Sasa vitazameni vitu vinne hivyo kwa jicho la msafiri. Ganda tupu ni shaba tu. Kichwa cha kawaida cha kuwindia ni risasi na shaba. Vitu viwili hivyo haviwaki wala havilipuki. Hatari yote imo katika viwili vilivyobaki, baruti na fataki.

Kwa nini baruti ya kopo ni mbaya kuliko risasi nzima?

Hapa ndipo shemeji alipopotea, na si yeye peke yake. Wengi hudhani hatari ya risasi ni kule kupiga mtu. Ndani ya ndege hatari inayoogopwa ni moto.

Kumbukeni somo la moto. Moto wahitaji vitu vitatu: kitu cha kuungua, joto, na oksijeni iliyo katika hewa. Ukitaka kuzima moto wa sufuria ya mafuta, waifunika, hewa yakosekana, moto wafa. Lakini baruti si kama mafuta wala kuni. Baruti imebeba oksijeni yake ndani yake yenyewe. Katika baruti nyeusi imo ndani ya shura. Katika baruti ya kisasa imo ndani ya dawa yenyewe. Uifunike usiifunike, itaungua mpaka iishe. Huwezi kuinyima kitu ambacho inacho.

Sasa pimeni kiasi. Risasi moja ya kawaida ya kuwindia wanyama wakubwa ina baruti ya gramu 3 hadi 4 hivi. Kopo la ratili moja lina gramu 454. Yaani kopo moja ni baruti ya risasi 120 hivi, iliyokaa mahali pamoja, tayari kuungua kwa pamoja. Katika risasi nzima, baruti imegawanywa vijisehemu vidogo, na kila kijisehemu kimefungiwa katika ganda lake la shaba. Moto ukizifikia, hazilipuki zote kwa mara moja. Hupasuka moja moja.

Na risasi ikipasuka nje ya bunduki, haina nguvu ile ya mtutuni. Mtutu ndio unaobana gesi na kuielekeza njia moja. Pasipo mtutu, ganda hupasuka kwa mshindo, vipande vya shaba huruka, na kichwa husogea kidogo tu. Yaweza kuumiza jicho au ngozi iliyo wazi, lakini wenye viwanda vya risasi huko Marekani walifanya majaribio ya kuchoma moto mashehena ya risasi, wakaona kuwa mavazi ya kawaida ya wazima moto yanatosha kuvizuia vipande hivyo.

Fataki nazo zina tabia yao. Moja peke yake ni kitu kidogo. Lakini fataki nyingi zikimwagwa pamoja katika chupa au mfuko, moja ikigongwa na kulia yaweza kuziamsha jirani zake zote kwa kufumba na kufumbua. Ndiyo sababu kiwanda huzipanga katika visahani, kila moja na kijishimo chake, na baina yake na nyenziwe mna nafasi. Kile kibweta si urembo wa dukani, bali ni kinga. Anayezimimina fataki katika chupa ya dawa ili zichukue nafasi ndogo amejitengenezea bomu kwa mkono wake.

Funzo la mwaka 1996

Mtu aweza kusema, “Hayo ni maneno ya vitabuni. Kitu kidogo kama fataki chaweza kuiangusha ndege kubwa?” Sikilizeni yaliyotokea.

Tarehe 11 Mei, 1996, ndege ya kampuni ya ValuJet, safari namba 592, iliondoka Miami kwenda Atlanta ikiwa na watu 110. Katika tumbo la ndege, pamoja na mizigo ya abiria, kulikuwa na masanduku matano yenye mitungi midogo ya kutengenezea oksijeni, iliyokwisha ondolewa katika ndege nyingine. Karatasi za mzigo zilisema mitungi hiyo ni mitupu. Haikuwa mitupu. Mitungi ya namna ile huamshwa kwa fataki: kinyundo kidogo chenye kamani hugonga fataki, kisha dawa iliyo ndani hupata moto mkali na kutoa oksijeni. Tena vifuniko vya usalama, ambavyo vingezuia fataki isigongwe, havikuwa vimewekwa.

Wachunguzi wa serikali ya Marekani walieleza kuwa mtungi mmoja au zaidi uliamka ndani ya tumbo la ndege, ukawasha moto. Sehemu ile ya mizigo ilikuwa imetengenezwa ili moto ujizime wenyewe kwa kukosa hewa. Lakini moto ule ulikuwa ukilishwa oksijeni na mzigo wenyewe. Dakika kama 10 tu baada ya kuruka, ndege ilianguka katika mabwawa ya Everglades, na watu wote 110 walikufa.

Hakuna aliyekusudia maovu. Palikuwa na kitu kidogo kinacholia kikigongwa, kitu kingine chenye oksijeni yake, na karatasi iliyosema jambo lisilo kweli. Sasa tazameni tena sanduku la shemeji. Lina fataki, lina baruti yenye oksijeni yake ndani, na halijaandikwa lolote.

Mwaka 1998 serikali ya Marekani iliamuru kwamba ndege za abiria zenye sehemu za mizigo za namna ile zitiwe vyombo vya kugundua moshi na dawa ya kuzima moto. Hiyo ni nafuu kubwa. Lakini dawa hiyo nayo haiwezi kuzima kitu chenye oksijeni yake kama izimavyo nguo au karatasi. Kwa hiyo kinga ya kwanza ni ile ile ya zamani: kitu hicho kisipande ndege.

Sheria yasema nini juu ya ndege

Nchi za dunia zimekubaliana namna ya kuvipanga vitu vya hatari. Umoja wa Mataifa ulitoa mapendekezo yake ya kwanza mwaka 1956. Katika mpango huo vitu vyenye kulipuka ni daraja la 1, nalo limegawanywa. Fungu 1.1 ni vitu vinavyoweza kulipuka vyote kwa mara moja, na baruti nyeusi imo humo. Fungu 1.3 ni vile vyenye hatari kubwa ya moto, na baruti ya kisasa kwa kawaida huwekwa humo. Fungu 1.4 ni vyenye hatari ndogo, maadamu vimefungwa kama inavyotakiwa. Risasi nzima za bunduki ndogo zimo humo, na fataki zilizo katika vibweta vyake nazo zimo humo.

Msikilizaji mwerevu atauliza, “Ikiwa fataki na risasi nzima zimo fungu moja, mbona risasi zapita na fataki hazipiti?” Ni swali zuri. Ruhusa aliyopewa abiria ni ruhusa ya pekee, na imetaja risasi nzima tu. Fataki zaweza kusafirishwa kwa ndege kama shehena, lakini zikipelekwa na mtu aliyefundishwa kazi hiyo, katika masanduku yaliyojaribiwa, pamoja na karatasi zinazomwambia rubani ni nini alichobeba na kimewekwa wapi. Hayo si mambo ya sanduku la nguo.

Basi kwa abiria wa ndege katika Marekani, sheria ni hivi. Andikeni.

Kwanza, baruti ya aina yoyote, nyeusi au ya kisasa, ni marufuku. Ni marufuku katika mfuko wa mkononi, na ni marufuku katika mzigo wa tumboni mwa ndege. Hakuna kiasi kidogo kinachoruhusiwa.

Pili, fataki ni marufuku vivyo hivyo, mkononi na tumboni. Na ganda lililokwisha pachikwa fataki mpya, ijapokuwa halina baruti, huhesabiwa pamoja na fataki. Wajazaji wengi hukosea hapa, kwani huwa na desturi ya kupachika fataki mapema na kuyaweka maganda tayari.

Tatu, risasi nzima zaruhusiwa katika mzigo wa tumboni tu, kamwe si mkononi. Ziwe katika kibweta cha karatasi ngumu, mbao, plastiki au chuma, kilichotengenezwa kwa kuwekea risasi. Zisimwagwe ovyo ndani ya soksi au mfuko. Kanuni za kimataifa zataja kilo 5 kwa kila abiria, kwa matumizi yake mwenyewe, na mashirika mengi ya ndege ya Marekani hufuata kipimo hicho, ambacho kwao ni ratili 11. Risasi moja ya kuwindia wanyama wakubwa yapata gramu 25 hivi, kwa hiyo kilo 5 ni kama risasi 200 pungufu, ukihesabu na vibweta. Abiria wawili hawawezi kuchanganya ruhusa zao katika sanduku moja.

Nne, maganda matupu yasiyo na fataki hai, na vichwa vya risasi, huruhusiwa. Hata hivyo twashauri viwekwe katika mzigo wa tumboni, maana mkaguzi ndiye mwenye neno la mwisho, na sura ya vitu hivyo humtia mtu shaka. Mizani na vyombo vya chuma vya kujazia viwekwe huko huko.

Tano, bunduki yenyewe ikiwemo, iwe haina risasi, iwe katika sanduku gumu lililofungwa kwa kufuli, na abiria amwambie karani wa shirika la ndege anapopeleka mzigo wake.

Hayo ni ya serikali. Kila shirika la ndege laweza kuongeza masharti yake. Baadhi hukataa risasi zilizojazwa nyumbani, au hutaka ziwe katika vibweta vya kiwandani. Kwa hiyo piga simu kabla ya siku ya safari, na uliza kwa maneno yaliyo wazi: “Risasi zangu nimejaza mwenyewe. Je, mwazipokea?”

Katika mlango wa ukaguzi

Idara ya serikali ya Marekani inayokagua abiria na mizigo yao yaitwa TSA. Ilianzishwa mwaka 2001. Mzigo wa tumboni nao hupitishwa katika mashine, hivyo asiwepo mtu anayedhani kuwa kopo la baruti halitaonekana kwa sababu limefunikwa na mashati. Likionekana, mzigo huzuiwa, polisi huweza kuitwa, na mwenyewe huweza kutozwa faini inayofika maelfu ya dola. Mtu aliyetaka kuokoa bei ya kopo moja atakuwa amepoteza safari nzima.

Wako wengine hushikwa bila ya kukusudia. Mtu alikwenda na mkoba wake kwenye uwanja wa shabaha Jumamosi, na Jumatatu akauchukua mkoba ule ule kupanda ndege. Katika kijimfuko cha pembeni imebaki risasi moja au fataki tatu. Tena zipo mashine zinazopangusa mkoba kwa kitambaa na kunusa chembe za dawa zinazolipuka, na vumbi la baruti laweza kuziamsha. Dawa ya jambo hilo ni rahisi. Uwe na mkoba wa uwanjani na mkoba wa safari, na visikutane. Kama huna ila mmoja, ugeuze ndani nje, ukung’ute kila kijimfuko, kabla ya kuweka nguo. Tahadhari kabla ya hatari.

Katika motokaa

Safari ya motokaa ina nafasi zaidi. Sheria ya Marekani juu ya kusafirisha vitu vya hatari imewekewa wafanya biashara, haimshiki mtu binafsi anayebeba vitu vyake mwenyewe katika motokaa yake kwa matumizi yasiyo ya biashara. Lakini majimbo na miji ina kanuni zake za moto, na wengi wamefuata kanuni iliyotolewa na chama cha kuzuia moto kiitwacho NFPA. Kanuni hiyo yasema kwamba katika motokaa ya mtu binafsi yaweza kubebwa baruti ya kisasa isiyozidi ratili 25, ambazo ni kilo 11 na kidogo, ikiwa katika makopo yake ya asili. Ikizidi ratili 25, na isipite ratili 50, iwekwe katika kasha la mbao lenye unene usiopungua inchi 1. Fataki zisizidi 25,000. Mahali pengine kiasi hupunguzwa, kwa hiyo uliza katika kila jimbo utakalopita, si lile utakalofikia tu.

Kwa nini kasha liwe la mbao, lisiwe la chuma nene? Hapa kuna elimu kubwa. Baruti ya kisasa ikiungua mahali pa wazi, huwaka kwa moto mkali, lakini hailipuki kwa kishindo. Ikiungua mahali palipobanwa, gesi hukosa njia, nguvu hukua, na chombo hupasuka kama bomu. Ubao huzuia joto lisifike upesi, wala haubani gesi. Kopo la plastiki la kiwandani nalo limetengenezwa makusudi liachie upesi likipata nguvu ya ndani. Basi mtu anayehamisha baruti yake na kuitia katika bomba la chuma au sanduku la chuma lisilopitisha hewa, akifikiri anaihifadhi, kwa hakika anaiongezea ubaya.

Mengine ya kushika ni haya. Baruti na fataki zisikae kasha moja. Zisiwekwe karibu na petroli wala betri. Zisiachwe motokaani katika jua kali, kwani buti ya motokaa katika majira ya joto huwa kama tanuri. Asivute mtu sigara karibu nazo. Na kabla ya kuondoka fungua kopo la zamani uinuse baruti. Ikiwa ina harufu kali ya uchachu, au imetoa vumbi jekundu kama kutu, imeharibika na yaweza kujipasha moto yenyewe. Hiyo haifai kusafiri wala kukaa nyumbani. Waulize wazima moto wa mahali pako namna ya kuiondoa.

Posta, treni na mipaka

Posta ya Marekani haipokei risasi nzima, wala baruti, wala fataki. Maganda matupu na vichwa hupokea. Kutia kopo la baruti ndani ya kifurushi na kuandika juu “vitabu” ni kosa la jinai, tena ni kosa lile lile la mwaka 1996: karatasi inayodanganya. Baruti na fataki hupelekwa na wenye maduka kwa njia ya barabara, kupitia makampuni ya mizigo yenye ruhusa, na mnunuzi hulipa ada ya mzigo wa hatari juu ya bei. Katika treni na mabasi, kila kampuni ina sheria yake, na nyingine hukataa kila kitu. Uliza kabla ya kununua tikiti.

Shemeji asiseme, “Kama ndege haitaki, nitakwenda Alaska kwa motokaa.” Njia ya barabara kutoka Colorado kwenda Alaska yapita katika nchi ya Kanada. Kanada ina sheria zake juu ya bunduki na juu ya vitu vinavyolipuka, na ruhusa ya Marekani hukoma penye mpaka. Ni lazima kuuliza forodha ya Kanada kwanza na kupata majibu kabla ya kufunga mzigo.

Na ninyi mnaotusikiliza Afrika ya Mashariki, msichukue kanuni hizi mkadhani zawahusu kama zilivyo. Tanzania ina sheria ya kudhibiti silaha na risasi ya mwaka 2015. Kenya ina sheria ya silaha, Sura ya 114, na sheria ya vitu vinavyolipuka, Sura ya 115. Kwetu mambo haya yanakwenda kwa leseni, na pa kuuliza ni polisi. Lakini sababu tulizoeleza leo zafaa kila mahali, kwani moto hauulizi pasipoti. Wachukuzi wa viwanja vya ndege, makarani wa mizigo na madereva wa wageni wa kuwinda yawafaa kuzijua.

Jibu letu kwa ndugu wa Colorado

Ndugu yetu, fanya hivi. Kaa na shemeji mlifungue sanduku. Kopo la baruti na vibweta vya fataki virudishwe kabatini, mahali pakavu na pa baridi, mbali na watoto. Maganda yatazameni moja moja: lenye fataki mpya lirudi pamoja na fataki, lililo tupu laweza kusafiri. Vichwa vyaweza kusafiri.

Kisha chagueni moja kati ya njia mbili. Ya kwanza, jazeni risasi nyumbani kabla ya safari, mzipange katika vibweta vyake, msizidishe kilo 5 kwa kila mtu, na mlijulishe shirika la ndege. Hii ndiyo njia tunayoipendelea, maana risasi mliyoijaza na kuijaribu kwenu ndiyo mtakayoiamini mbele ya mnyama. Ya pili, chukueni maganda, vichwa na vyombo, na baruti na fataki mnunue Anchorage. Lakini pigeni simu dukani kwanza, kwani aina ile mliyoizoea yaweza isiwepo, na haifai kubadili baruti bila ya kupima upya. Na zikibaki baada ya kuwinda, hazirudi kwa ndege. Mpeni mwenyeji anayezijua.

Mweleze shemeji kwa upole. Hoja yake ya “sembuse baruti peke yake” ilikuwa hoja ya mtu mwenye akili, ila ilianza penye risasi na mtu, na haikufikiria moto na ndege. Abiria wengine wa safari ile hawajui kilichomo katika sanduku lake. Wamemwamini bila ya kumwona.

Maswali ya kujadiliana katika vikundi

1. Taja vitu vinne vya risasi moja. Viwili visivyowaka ni vipi?

2. Kwa nini baruti iliyofunikwa haizimiki kama mafuta ya sufuria?

3. Ganda lenye fataki mpya lakini lisilo na baruti, laruhusiwa kupanda ndege? Eleza sababu.

4. Kasha la kubebea baruti katika motokaa huwa la mbao. Lingekuwa la chuma nene kingetokea nini moto ukilifikia?

5. Katika ajali ya mwaka 1996, karatasi za mzigo zilisema mitungi ni mitupu. Jadilianeni: katika kazi zenu ninyi, ni wapi neno moja lisilo kweli juu ya mzigo laweza kuleta hasara kwa watu wasiohusika?

Haya wasikilizaji, tumefika mwisho wa somo. Mwenye swali atuandikie barua. Kwaherini, na mkisafiri mfike salama.